Mdogo Wangu wa Mtwara, Usianze na Coaster

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja wa Mtwara aliyemaliza chuo cha utalii juzijuzi. "Shikamoo dada. Nimeona picha zako za Kipatimu na mapango ya Nang'oma. Nataka kuanzisha safari za siku moja kama hizo huku kwetu. Kuna bwana ana Coaster, ananikodishia kwa bei nzuri. Nianzeje?"

Nilimjibu siku ileile, lakini moyo haukutulia, ndiyo maana naandika hapa. Najua wengi mnaonisoma mna nia hiyohiyo: kuwaonyesha watu kusini yetu na kula kwa jasho la kazi hiyo. Jibu langu ni fupi. Coaster ya huyo bwana, basi la watu kama thelathini, iache. Chukua watu sita.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Kazi nilianzia Kilwa Masoko, nikivusha wageni kwenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Ni kazi ninayoiheshimu mpaka leo. Lakini mama yangu ni Mmatumbi, na likizo za utotoni nilizimalizia kwa bibi, kwenye Milima ya Matumbi, kuliko na Kipatimu. Kila mgeni aliponiuliza Vita vya Maji Maji vilianzia wapi, nilimwonyesha kwa kidole upande wa Kipatimu, kisha tunarudi kwenye boti. Iliniuma. Watu wametoka mbali, wamefika mpaka mlangoni pa historia kubwa kuliko zote za kusini, halafu wanarudi Dar es Salaam na picha za misikiti ya kale tu. Nikaamua nitawapandisha milimani mwenyewe.

Sikuanza na wageni. Nilianza na bodaboda, peke yangu, sina mteja hata mmoja. Nilikaa na mwenyekiti wa kijiji, nikakaa na wazee, nikaenda kwa paroko, nikamtafuta mama wa kutupikia. Mzee mmoja aliniuliza, "Wewe binti wa nani?" Nikamtajia jina la bibi, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nikae. Mlango ulifunguka hapo, na mpaka leo mzee huyo ndiye anayetangulia mbele ya kundi langu pangoni. Mimi nafuata. Wageni wakiniuliza kwa nini mwongozaji anaongozwa, nawaambia pango lina wenyewe.

Siku yenyewe iko hivi. Tunaondoka Masoko alfajiri. Kutoka Nangurukuru hadi Tingi watu wanasinzia, na mimi nawaacha. Tingi tunapoiacha barabara kuu kupandisha Kipatimu, nawaamsha wote, maana nchi inabadilika. Vilima vinaanza, michungwa na migomba inasogea mpaka ukingoni mwa barabara, na ukipita msimu wa ufuta unaona matita yamesimamishwa shambani yakikauka. Nasimamisha gari mara kwa mara. Mama anayemenya muhogo uani kwake tunashuka tunamwamkia, tunamwuliza habari za shamba, na kama anauza machungwa tunanunua. Watu sita wanaweza kusalimia. Watu thelathini hawasalimii mtu, wanajaa uani kwake na simu juu.

Kanisa la Kipatimu huwa tunalifikia kabla ya pango, na nimelipanga hivyo kwa makusudi. Mimi ni Muislamu. Nilipoamua kuwaingiza watu kanisani, nilimwomba katekista anifundishe kila kitu: ile taa ndogo karibu na tabenakulo inasema nini, kwa nini waumini wanapiga goti, wapi mgeni asikanyage. Alinifundisha mchana mzima kwa subira ambayo sijaisahau. Sasa nikiingia na kundi nasema nilichofundishwa, na mambo ya imani yenyewe namwachia yeye. Kofia zinavuliwa nje. Simu zinaingia mfukoni. Tunakaa kwenye mabenchi, na simwambii mtu yeyote aharakishe.

Njiani tunapita pia kwenye kigango, kanisa dogo la matofali ya kuchoma na bati. Wageni wengi wanakuja wakitazamia jengo kubwa la mawe, lakini kinachowashika ni hiki kidogo, kwa sababu wanakuta watu: akina mama wanafagia, kwaya inarudia wimbo mpaka sauti ya nne ikae sawa. Kundi dogo linaweza kukaa nyuma kimya likasikiliza. Kundi kubwa kwaya inalinyamazia.

Hapo kanisani ndipo ninapowaeleza upande wa vita ambao waongozaji wengine wanauruka. Tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa akiwa njiani kuelekea Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni za Lukuledi na Nyangao nazo zilichomwa. Naliweka wazi mbele ya katekista, na tukifika pangoni nalirudia mbele ya mzee, na wote wawili wananiheshimu kwa hilo. Ukiwa mwongozaji, usiikate historia vipande ili kila nyumba ipewe kipande kinachoifurahisha.

Kisha pango. Nang'oma imo ndani ya mawe ya chokaa, yale ambayo maji ya mvua yanayala taratibu kwa miaka mingi sana mpaka yanaacha kumbi chini ya ardhi. Mawe yanayoning'inia darini kwa kawaida hukua chini ya milimita moja kwa mwaka, na mafuta ya kiganja chako yanaweza kulizuia jiwe lisiendelee kukua pale ulipogusa. Kwa hiyo hatugusi. Mzee anasimama mlangoni, anasema maneno yake, sisi tunangoja. Tukishaingia ndani ya kutosha, nawaomba wote wazime taa. Giza la humo ni la kushikika. Na humohumo gizani mzee anasimulia jinsi vita vilipochacha, watu walivyoingia kujificha na watoto wao, akina mama wakiwabana vichanga kifuani wasilie.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na walimu kutoka Lindi. Mmoja anafundisha historia, Maji Maji ameifundisha tangu nikiwa mdogo. Mzee alipomaliza kusimulia, hakuna aliyewasha taa. Hakuna aliyekohoa. Basi mzee akaanza kuimba kwa Kimatumbi, wimbo ambao nilikuwa sijawahi kuusikia kwake wala kwa bibi yangu. Tulipotoka nje nilimwuliza kwa nini siku zote hizi hakuimba. Akasema, "Leo mmenyamaza." Yule mwalimu alimshika mzee mkono asimwachie mpaka kwenye gari. Naliandika hili kwa fahari, sioni aibu. Kampuni kubwa yenye magari kumi haiwezi kununua wimbo ule.

Kutoka hapo tunakwenda Nandete, penye mnara wa kumbukumbu. Julai 1905 wananchi wa hapo waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kulima, na vita ikawaka. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu imani ya maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita ikiwa changa kabisa. Iliendelea bila yeye mpaka 1907. Wajerumani walichoma chakula mashambani na ghalani, na njaa ikaua kuliko risasi. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefika mpaka 300,000. Takwimu hizo nazisema tukiwa tumesimama pale shambani, kwenye udongo wenyewe, na sihitaji kuongeza chumvi. Tukirudi, kama jua lingalipo, tunaingia Kivinje kwenye Mwembe Kinyonga, walikonyongewa wapiganaji. Nyumbani kwetu hapo. Mara nyingi wageni wanakuwa wamechoka na hawaulizi chochote, nami siwalazimishi.

Sasa niseme la Coaster, maana bado linaniuma. Kampuni moja kutoka mjini, sitaitaja, ilisikia habari za njia hii ikaniita. Wakanipa kandarasi, nikawaandikia ratiba yote, majina ya vijiji, nani aonwe kwanza, saa ngapi kanisa lina ibada. Nikawaambia watu sita, wakizidi sana wanane. Wakakubali mbele yangu. Baada ya muda nikasikia kutoka kijijini kwamba Coaster imefika imejaa, mimi sipo, na anayeongoza ni kijana asiyejua hata kuamkia kwa Kimatumbi. Waliingia kanisani watu wakiwa kwenye ibada. Pangoni walipanga foleni, wakapiga kelele popo wakaruka, mtu mmoja akavunja jiwe awe na ukumbusho. Mzee hakuonwa, hakupewa chochote. Chakula walikuja nacho kwenye maboksi, na maboksi yakabaki Kipatimu.

Aliyepanda kwenda kuomba radhi kwa niaba yao ni mimi. Nilikaa mkekani mbele ya wazee na kusikiliza maneno makali ambayo hayakuwa yangu. Kwa msimu mzima kijiji kilikataa makundi yote, na langu pia. Ile kampuni haijawahi kunipigia simu. Walilipwa, wakaondoka, wakatafuta pengine.

Kwa hiyo, mdogo wangu, unapoandika "Coaster kwa bei nzuri", nauona mkeka ule. Bei nzuri kwa nani? Utaniambia hesabu haikai, watu sita hawalipi mafuta. Itakaa ukiwatoza inavyostahili na ukiwaeleza pesa inaenda wapi: kijiji kwa stakabadhi, mzee mkononi, sadaka kanisani, mama wa chakula, dereva. Mtu akisoma orodha hiyo halafu aseme ni ghali, huyo si mgeni wako. Mwache aende na Coaster ya mwingine.

Mengine ni ya kawaida, ila nayasema kwa kuwa kuna wanaoyapuuza. Chukua leseni ya biashara ya utalii, ile inayoitwa TALA, usifanye kazi kwa kujificha. Kila mtu pangoni awe na taa yake na ya akiba, na wewe uwe na ya tatu. Popo hawashikwi, na mavi yao yanaweza kuleta maradhi ya kifua, kwa hiyo barakoa ziwepo na mikono ioshwe kabla ya kula. Mvua kubwa ikinyesha, pango halina safari, hata kama wageni wameshalipa. Warudishie pesa yao. Masika milimani kunateleza, na hata barabara kuu si ya kuamini: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, ilikatika Somanga na kusini ikabaki upande wake. Safari ya kundi dogo unaweza kuiahirisha kwa simu chache. Kundi kubwa litakusukuma uingie.

Na jamani, tujifunze kukataa. Kusini tumesubiri wageni kwa muda mrefu. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 tulisema sasa watakuja, na kiu hiyo ndiyo inayotufanya tumpokee yeyote mwenye gari lililojaa. Tusiwauze wazee wetu kwa pupa. Kijiji kikifunga mlango, hakuna tangazo litakaloufungua. Mwenye kundi dogo na adabu anarudi mwaka hadi mwaka, na vijana wa kijiji wanajifunza kazi kwake.

Kwako Mtwara usinakili njia yangu, unayo ya kwako. Mikindani ni nusu siku peke yake, na Boma lake la 1895 na habari za Livingstone aliyepita hapo mwaka 1866. Usiichanganye na mengine. Safari yako ya siku moja ianzie Masasi. Toka mjini siku iliyotangulia ulale huko, maana ni kama kilomita 200, na mgeni aliyekaa garini tangu alfajiri haoni kitu. Asubuhi nenda Mtandi, kwenye kanisa kuu la Waanglikana chini ya mlima wa mawe. Waeleze kwamba misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani. Waeleze habari za Askofu Vincent Lucas, aliyeipa jando nafasi ndani ya Kanisa badala ya kuipiga marufuku. Hapo utapata maswali mpaka mchana. Kisha Ndanda kwa Wabenediktini, walioanza hapo mwaka 1906 baada ya misheni zao kuchomwa vitani. Muda ukiruhusu, Lupaso, kijijini kwa Rais Mkapa, alikozikwa.

Kabla hujaongea na mwenye gari yeyote, nenda Mtandi na Ndanda kwa miguu yako, uonane na wenyeji wa kila mahali, uwaulize saa gani hawataki mtu. Andika majibu yao yote. Ukishayapata nitumie, tutakaa kwenye simu jioni moja tupange saa za kuondoka na za kula.