Koleo: la kushikia au la kuzolea?

SWALI: Fundi wetu wa chuma hapa Mikindani kamtuma kijana akanunue koleo. Kijana karudi na kile cha kuchotea mchanga, fundi kafoka. Nani kakosea Kiswahili?

JIBU: Kijana hana kosa, na muuza duka naye hana. Fundi ndiye aliyetuma neno bila mkia wake. Koleo la mhunzi ni vyuma viwili vilivyopishana na kufungwa kwa pini, vyenye mdomo wa kushikia kitu cha moto. Lakini ukilitaja dukani bila kuongeza neno, wengi wataelewa lile la kuzolea mchanga, zege, au chumvi kwenye mashamba ya chumvi, ambalo wengine huliita beleshi au sepetu. Basi taja kazi yake: "koleo la mhunzi", "koleo la kuzolea".

Na ni heri fundi hakuletewa praizi, ile ya kubania na kukatia waya. Koleo la mhunzi lina mikono mirefu makusudi, kiganja kikae mbali na moto. Praizi ni fupi, na mikono yake mara nyingi imevishwa plastiki. Ishikie chuma kilichoiva wekundu, uone plastiki inavyolainika mkononi.

Kuna na ndugu zake wa kitenzi "bana". Kibano ni kidogo, cha kutolea mwiba au kunyofolea unywele. Ndicho tunachokisema pia mtu anapopata kibano, yaani kabanwa hasa. Kibanio kimepitia "bania", kama kichujio kilivyopitia "chujia": ni cha kubania kitu kikae, nguo kwenye kamba au nywele kichwani. Kibano unakiminya wewe. Kibanio ukishakibandika unakiacha kikishika chenyewe. Mpaka huo si wa chuma, watu huuvuka kila siku, ila ukiandika ni vizuri kuulinda.

Kinachofungwa kwenye meza ya fundi, taya mbili zikikazwa kwa skrubu, ni jiliwa. Vijana wa karakana husema vaisi.

Na kaa wa mikokoni hana koleo, ana gando. Koleo ni la kaa la moto.

Upatanisho nao: koleo hili, makoleo haya; jiliwa hili, majiliwa haya; kibano hiki. "Koleo hii" inasikika sana madukani, lakini kwenye maandishi iacheni. Praizi ndiyo "hii".