Fika Kabla ya Giza

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, mwezi ujao naenda New York, siku tatu tu. Picha zangu za usiku kila mji ni zilezile: anga jeusi tii, taa nyeupe pe, katikati hamna kitu. Nakosea wapi?" Ujumbe huo niliusoma mara mbili, maana picha anazozieleza ni zangu mimi za mwaka 2017, na jiji ni hilohilo.

Nilikuwa na usiku mbili tu pale. Usiku wa kwanza nikafika katikati ya Daraja la Brooklyn saa 4, miguu imechoka kwa kuzunguka mchana kutwa. Wenye miguu hupita juu, kwenye njia ya mbao, na magari yanapita chini yao. Nikafungua stendi ya miguu mitatu, nikaweka shata, yaani kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, ikae wazi sekunde 15, nikashusha pumzi. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana safi. Nikapiga kama picha 60.

Chumbani nikafungua kompyuta. Kila dirisha la Manhattan, ile sehemu ya maghorofa ng'ambo ya daraja, lilikuwa na pacha wake pembeni, kama mtu kapiga muhuri mara mbili karatasi moja. Lile daraja limening'inia kwenye nyaya tangu 1883, sehemu yake ya kati peke yake ina mita 486. Magari yakipita chini linatetemeka, watu wakipita juu linatetemeka, na stendi yangu ikawa inatetemeka nalo usiku kucha. Hata zile chache zilizotoka kali zilikuwa na anga kama masizi. Usiku wa pili mvua ikanyesha.

Niliporudi nikazirusha kwenye kundi letu la wapiga picha, zile nilizoona zina nafuu. Mkubwa mmoja ambaye nilimheshimu sana akajibu: "Hongera kwa kufika." Basi. Kuhusu picha zenyewe hakutia neno. Wenzake wakaweka vicheko chini yake. Miaka imepita, lakini jibu lile ninalikumbuka neno kwa neno, na sitadanganya kwamba halinichomi tena.

Miaka ya katikati sitawachosha nayo. Nilisoma, nikapiga, nikafuta, nikapiga tena. Tuje Novemba iliyopita, Hong Kong.

Safari hii nilifika Tsim Sha Tsui, ukingo wa maji unaotazamana na Kisiwa cha Hong Kong, saa 10 na nusu jioni, jua bado liko juu. Jua lilitua kama saa 11 na dakika 40. Nikachagua sehemu yangu kwa utulivu: mbele yangu maji ya Victoria Harbour, ng'ambo maghorofa ya kisiwani, jua linashukia upande wa kulia. Stendi niliiweka chini ardhini, isiguse uzio, kwa sababu kila anayeegemea uzio anautikisa. Nikaitafutia kamera fokasi, yaani ukali wa picha, mapema kwa kukuza kwenye kioo ukingo wa jengo la mbali hadi ukawa mkali, kisha nikazima fokasi ya kujiendesha ili isije kuhangaika gizani. Nikazima na kile kidhibiti mtikisiko cha lenzi, maana kamera ikiwa imetulia juu ya stendi, chenyewe kinaweza kuleta mtikisiko. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, nikaiweka chini, 100; tundu la lenzi la wastani, f/8; taima ya sekunde 2 ili kidole changu kisiguse kitu wakati shata inafunguka.

Halafu nikasubiri, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Jua lilipotua, kamera ilitaka sehemu ndogo tu ya sekunde. Dakika 10 baadaye anga lilikuwa la kijivu, halivutii hata kidogo. Jamaa mmoja pembeni yangu akafunga stendi yake akaondoka. Taa zikaanza kuwaka, ghorofa moja moja. Ile mistari myeupe ya pembetatu kwenye mnara wa Bank of China ikajitokeza. Shata ikahitaji sekunde 1, kisha 2. Ilipofika saa 12 na dakika 2, anga likawa buluu iliyokolea, ile ya wino, na mwanga wa anga ukalingana na mwanga wa madirisha. Nilipiga kwa sekunde 4. Maji yakalainika, feri ya kijani na nyeupe ikapita ikaacha mstari wa taa, na nyuma ya kila dirisha unaona chumba, si doa jeupe.

Hali hiyo ilidumu dakika chache tu. Kufikia saa 12 na nusu anga lilikuwa limekufa. Maonyesho ya taa ya pale huanza saa 2 usiku, na watu walianza kumiminika na kamera zao kuyasubiri. Mimi nilikuwa nimeshafunga begi.

Picha ile sasa iko ukutani kwangu, upana wa sentimita 90, na nasema wazi: ni picha nzuri, najivunia. Yule mkubwa sikumtumia. Niliandika ujumbe, nikaufuta.

Sasa ndugu yangu unayekwenda New York, nisikilize. Hutaki picha ya kuthibitisha kwamba ulifika. Sisi sote tunaosoma hapa tunataka picha ambayo mtu akiiona atasimama. Basi fika kabla ya giza. Panga siku yako yote kuanzia saa ya jua kutua, uitafute kwenye simu asubuhi kabla hujatoka, na uwe umeshasimama mahali pako saa nzima kabla. Matembezi mengine yote yaupishe muda huo. Ukiwa karibu na ikweta, dakika zako ni chache zaidi kwa sababu jua linazama wima. Kaskazini zaidi, hasa majira ya joto ya huko, unapata muda mrefu. Lakini popote ulipo, fika kabla ya giza.

Kwa jiji hilo, achana na daraja lenyewe. Shuka chini ufukweni upande wa Brooklyn, kwenye bustani iliyo kando ya maji, uitazame Manhattan. Ukiwa pale unatazama magharibi, kwa hiyo anga linalobaki na rangi ni lile lililo nyuma ya majengo. Nenda siku ya kazi. Jumapili ofisi nyingi huwa giza na maghorofa yanaonekana kama meno yenye mapengo.

Ukipanda kwenye maghorofa ya kutazamia, sehemu nyingi stendi hairuhusiwi, na kioo cha dirisha kitakurudishia sura yako na taa za ndani. Vaa nguo nyeusi, lenzi iguse kioo, zungushia kitambaa cheusi, upandishe ISO bila woga. Chembechembe kidogo zinazoletwa na ISO ya juu zinavumilika kuliko pacha wa kila dirisha.

Kama una simu tu, pia usijidharau. Iegemeze kwenye kitu kisichotikisika, weka hali ya usiku na taima, gusa dirisha linalong'aa zaidi kwenye kioo kisha ushushe mwanga. Flashi izime kabisa, haiwezi kumulika ghorofa lililo ng'ambo ya maji. Na tafadhali uwe umefika kabla ya giza, simu inahitaji ile buluu kuliko hata kamera.

Una siku tatu. Jioni ya kwanza nenda ukasimame tu, uangalie taa zinawaka kuanzia wapi na watu wanapita wapi. Jioni ya pili piga. Ya tatu iache kama akiba, mvua isije ikaharibu ya pili. Ukirudi, usinitumie zote 60. Nitumie ile uliyopiga dakika 20 hivi baada ya jua kutua, nami nitakuandikia kuhusu picha yenyewe, mstari kwa mstari.