Alama za ubunifu katika hadithi za wanafunzi

Swali: Nafundisha lugha wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, na kila zoezi la hadithi huniletea insha kama 70. Natoa alama 30: ubunifu 10, maudhui 10, lugha 10. Mwenzangu akisahihisha insha zilezile tunapishana hata kwa alama 8. Tena, mtoto mwenye kisa kizuri na tahajia mbovu huwa sijui nimpe ngapi. Tufanyeje?

Jibu: Mwalimu, kupishana kwenu hakutokani na uzembe. Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake wawili nchini Marekani walitoa utafiti ambamo wasomaji 53 walipanga insha 300 katika madaraja 9, kila msomaji kwa vipimo vyake mwenyewe. Asilimia 94 ya insha zile, kila moja ilipata madaraja tofauti 7, 8 au yote 9. Sababu ilijitokeza walipochambua: wapo waliokazia macho mawazo, wapo wa mpangilio, wa makosa ya lugha, wa uteuzi wa maneno, na wa ladha ya mwandishi. Ninyi wawili mko hapo hapo, kwa kuwa neno "ubunifu" halijawaambia mtazame nini.

Isitoshe, ubunifu na maudhui yanakanyagana. Kisa kikipendeza mtoto hulipwa mara mbili, kikipwaya huadhibiwa mara mbili. Zigaweni zile 30 hivi: kisa na msuko 8, wahusika na mandhari 7, sauti ya msimulizi na uteuzi wa maneno 7, aya na muunganiko 4, kisha tahajia, uakifishaji na sarufi kwa pamoja 4. Upya wa wazo nimeuacha nje kwa makusudi. Katika umri huu mtoto huazima wazo kutoka kwenye hadithi aliyoisoma au filamu aliyoiona, na hivyo ndivyo uandishi unavyojifunzwa. Apewe alama kwa namna alivyolifanyia kazi.

Kila kipengele kiwe na ngazi nne zinazotaja kitu kinachoonekana kwenye karatasi. "Vizuri sana" na "wastani" hazimsaidii msahihishaji. Mathalani kwa wahusika: alama 1 hadi 2, mhusika ana jina na sifa za kutajwa tu. Alama 3 hadi 4, sifa imetajwa na tendo moja linaithibitisha. Alama 5 hadi 6, matendo na maneno yake ndiyo yanayotuonyesha alivyo. Alama 7, uamuzi wake ndio unaosukuma kisa, na mwishoni hayuko kama alivyoanza. "Juma alikasirika sana" ni ngazi ya kwanza. "Juma aliikunja barua mara nne, akaikunjuwa, akaikunja tena" ni ya tatu, licha ya kosa la tahajia katika "akaikunjuwa".

Ndiyo maana huyo mtoto wa tahajia mbovu hawezi kupoteza zaidi ya alama 4. Hata hapo hesabu aina za makosa, usihesabu idadi: aliyeandika "ivyo" mara sita badala ya "hivyo" ana kosa moja. Lugha ya mtaani iliyo ndani ya alama za mtajo, kinywani mwa mhusika, si kosa hata kidogo. Njeo, yaani wakati wa kitenzi, inahitaji uangalifu zaidi. Hadithi ikianza "aliingia, akakaa", kisha kwenye kilele ikageuka "anafungua mlango, anachungulia" na baadaye ikarudi, huo ni ufundi. Ikirukaruka sentensi kwa sentensi, ni sarufi.

Jambo linalopotosha alama kuliko yote ni mapambo ya kukariri: jogoo anawika, jua linachomoza kwa miale ya dhahabu, mhusika anakurupuka kitandani, methali mbili zinafuata. Msahihishaji aliyechoka huona lugha teule na kutoa 7. Lifute fungu hilo akilini. Kisa kisipopungukiwa na chochote, halistahili alama ya uteuzi wa maneno.

Sasa utaratibu. Kabla ya kuanza, chagueni insha 6 za viwango tofauti, msahihishe kila mtu peke yake, ndipo mlinganishe kipengele kwa kipengele. Mkishakubaliana, insha 4 kati ya hizo ziwe vielelezo na zikae mezani. Funikeni majina, changanyeni madarasa. Soma kila hadithi mara moja bila kalamu mkononi. Kalamu ikitangulia, jicho hukamata makosa na kisa kinakupita. Sahihisha 15 au 20, pumzika, rudia kielelezo kimoja. Ukimaliza zote, zisome upya 5 za kwanza, maana mkono huwa mkali au mlegevu kadiri kazi inavyosonga. Mwandiko safi na urefu navyo hupandisha alama kimyakimya, kwa hiyo hadithi ya kurasa nne iulizwe swali lilelile linaloulizwa ya ukurasa mmoja.

Mkipishana kwa alama 3 au chini, chukueni wastani. Zaidi ya hapo msigawanye kwa mbili: wastani huficha kutoelewana. Tafuteni kipengele kilichowatenga na mkisome tena kando ya kielelezo.

Kuhusu maoni, rasimu ya kwanza isipewe alama. Mtafiti Ruth Butler, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, alionyesha kuwa wanafunzi waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na kwamba maoni yaliyoambatana na alama hayakuleta faida hiyo. Andika mambo matatu: sehemu iliyofanikiwa, ukiinukuu, swali moja la msomaji ("Kwa nini hakurudi nyumbani?"), na kazi moja ya kufanya. Sahihisha makosa ya lugha katika aya moja, nyingine umwachie ayatafute. Siku 3 au 4 zinamtosha kuandika upya.

Na ukikuta hadithi inayosimulia kipigo, njaa au kujidhuru kwa undani unaokutia shaka, iweke kando. Zungumza na mtoto faraghani siku hiyohiyo na umfikishie taarifa anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni. Alama zitasubiri.