Samaki wa betri anayeisha chaji akiwa kabatini

Dada, huyo samaki wa kuchezea wa mwanao anayemaliza betri hata akiwa kabatini huenda si mbovu. Mwangalie tumboni au ubavuni: kuna vijichuma viwili. Maji yakivigusa vyote, umeme unapita na mkia unaanza kucheza. Unyevu ukibaki hapo, betri inaendelea kuliwa. Mkitoka bwawani mfute hadi akauke. Akiingia baharini, msuuze kwanza kwa maji ya bomba, chumvi hula chuma.

Kinachonitia hofu ni zile betri za duara kama za saa, LR44. Hakikisha skrubu ya kifuniko imekazwa. Mtoto akimeza, mkimbize hospitali papo hapo. Usimtapishe, wala usisubiri aitoe chooni. Ikikwama kooni inaunguza nyama za ndani.