Maswali ya Wasomaji: Kufika Loiyangalani na Baiskeli Yako

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mkazi wa Barani, Malindi, na kila mwisho wa wiki huendesha baiskeli na wenzangu hadi Watamu na kurudi. Mwaka huu nimeazimia kuendesha kutoka Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana, hadi Nyahururu kwa shemeji yangu, nikipitia South Horr, Baragoi, Maralal na Rumuruti. Mazoezi nimeyafanya na baiskeli ninayo. Linalonitatiza ni kufika huko mwanzo wa njia, kwa kuwa kila ninayemuuliza huniambia hakuna basi linalofika. Nipite wapi, niifunge vipi baiskeli, na je, ni afadhali nianzie Nyahururu nimalizie ziwani?
Msomaji, Malindi

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, ndugu yetu. Waliokuambia kwamba hakuna basi wamesema kweli kwa sehemu tu. Basi lipo kwa sehemu kubwa ya safari, na linakosekana katika kipande cha mwisho, ambacho ndicho kinachostahili fikira zako zote.

Kutoka Malindi hadi Nairobi, takriban kilomita 600 kupitia Mombasa, mabasi ni ya kila siku na buti zao huwa na nafasi. Mabasi ya Marsabit na Moyale nayo huondokea mtaa wa Eastleigh, na tangu barabara ya Isiolo hadi Moyale iwekwe lami, Marsabit hufikika kutoka Nairobi kwa siku moja. Nakushauri ulale Nairobi usiku mmoja badala ya kuunganisha mabasi mawili papo kwa papo, kwa sababu kituo utakachoshukia si kile utakachopandia, na kuhamisha baiskeli iliyofungwa katikati ya jiji usiku, peke yako, ni hatari isiyo na faida yoyote.

Sasa tuje kwenye kipande chenyewe. Ukitoka kwenye lami, kuna milango miwili ya kuingilia ziwani. Wa kwanza ni mji wa Marsabit, ambako Loiyangalani iko kilomita 200 na zaidi kwa njia ya jangwani. Wa pili ni Laisamis, mji mdogo ulio kwenye lami kabla ya kufika Marsabit, ambako huanza barabara ya changarawe ya kilomita 208 iliyoboreshwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Sisi wa Pwani tunaukumbuka mradi huo kwa sababu mitambo yake 365 ilishushwa katika bandari ya Mombasa na kusafirishwa kwa malori hadi kule, na bila ya barabara hiyo mapanga yake marefu yasingeweza kupita. Kwa mwendesha baiskeli, mradi huo umeacha njia pana inayopita bonde la South Horr, yaani ndani ya njia yako mwenyewe.

Ukitazama ramani utavutiwa na Laisamis, kwa kuwa barabara yake ni nzuri zaidi. Hata hivyo, kwa anayetafuta gari, mimi ningekwenda hadi Marsabit. Loiyangalani iko katika Kaunti ya Marsabit, kwa hiyo maofisa, wafanyabiashara na shehena za dukani huanzia makao makuu ya kaunti, na gari likishajaa Marsabit halitakuwa na sababu ya kumbebea mtu baiskeli njiani. Tena Marsabit kuna nyumba za wageni, benki na maduka, ilhali kukwama Laisamis ni kukwama kweli. Ukifika, nenda kwenye maduka ya jumla ukaulize ni lori au Landikruza gani inayopakia mzigo wa Loiyangalani. Magari hayo hayana ratiba: huondoka mzigo ukitimia, na mvua ikinyesha hayaondoki. Tenga siku tatu za kusubiri na usizihesabu kuwa siku zilizopotea. Patana nauli yako na nauli ya baiskeli mbalimbali, kabla ya kitu chochote kupandishwa, na uulize gari litapita njia gani. Likipita South Horr, omba lisimame kidogo, uache dukani mfuko wa chakula wenye alama yako, maana utapita hapo tena siku chache baadaye na utafurahi kwamba hukuubeba.

Kuna majira ambapo magari huwa mengi, nayo ni siku za tamasha la utamaduni la Loiyangalani, lililoanza mwaka 2008 na kukusanya jamii zinazoishi kando ya ziwa. Siku hizo usafiri ni rahisi, ila mahali pa kulala huwa haba, na kwa hiyo ni vyema ubebe hema.

Kuhusu kuifunga baiskeli, watu wengi hufikiria boksi la katoni. Boksi linafaa kwa ndege. Kwa safari yako litakuwa limechakaa kabla ya Isiolo, na likifika salama hutakuwa na mahali pa kuliacha. Tumia turubai jepesi na magunia mawili, ambavyo utavikunja na kuvibeba. Toa gurudumu la mbele na kanyagio zote mbili, ukikumbuka kwamba kanyagio la kushoto hufunguliwa kinyume na la kulia. Geuza usukani ulale sambamba na fremu. Pale gurudumu la mbele lilipotoka, kaza kipande cha mti chenye upana uleule kati ya ncha mbili za uma, kwa sababu mzigo ukiuegemea uma mtupu utaukunja, na uma uliokunjika hakuna fundi wa Loiyangalani atakayeunyoosha. Kama breki zako ni za diski zinazotumia mafuta, chomeka kipande kigumu cha katoni kati ya vibati vya breki, la sivyo mtu akiuminya mkono wa breki wakati gurudumu halipo, vibati vitafungana na gurudumu halitaingia tena kwa urahisi.

Sehemu ya kulinda kuliko zote ni gia ya nyuma. Inashikiliwa na kipande kidogo cha chuma laini kilichofungwa kwenye fremu, nacho kimetengenezwa ili kipinde chenyewe kabla fremu haijaumia. Nunua kipande cha akiba kinachoingiana na fremu yako hasa, kwa kuwa havifanani, na utembee nacho mfukoni. Ifungue gia yenyewe, uizungushie kitambaa na kuifunga ndani ya fremu. Juu ya lori, baiskeli ilazwe juu ya mizigo yote, upande wa gia ukitazama mbinguni, na kamba ipitishwe ndani ya fremu, kamwe isipite juu ya spoku. Panda mwenyewe ukaone inavyofungwa. Utingo hatachukia ukimwomba kwa adabu na ukamsaidia kupakia.

Umeuliza pia kuhusu upande wa kuanzia, na swali hili ni zito kuliko ulivyolichukulia. Upepo wa huko huvuma kutoka kusini mashariki karibu mwaka mzima, kwa sababu hewa hubanwa katika uwazi ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Ndiyo maana mitambo ile ya umeme ikawekwa pale. Huwa mkali zaidi usiku na asubuhi, saa zile ambazo mwendesha baiskeli hutaka kuzitumia kukwepa jua. Aidha, ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nyahururu iko juu ya mita 2,300. Ukianzia Loiyangalani, basi, utapanda mlima na upepo utakuwa usoni.

Kwa hesabu hiyo peke yake, ningekwambia uanzie Nyahururu. Lakini sitakwambia hivyo. Mtu anayesubiri lori mwanzoni mwa safari ana chakula, ana siku za akiba, na baiskeli yake ni nzima. Anayelisubiri mwishoni amechoka, fedha zimepungua, na kazini anatarajiwa Jumatatu. Ukimalizia Nyahururu, matatu za kwenda Nairobi ni tele na unaweza kufika siku yoyote. Anzia ziwani, ukubali kwamba kilomita 90 hivi za kwanza, kufika South Horr, zitakuchukua siku mbili na pengine tatu za mawe na upepo, na upange maji yako kwa kipimo hicho. Baada ya South Horr kuna vivuli na maji, na mambo hupungua ukali.

Jambo moja halina mjadala. Eneo la Baragoi limewahi kupata mashambulizi ya wizi wa mifugo yaliyoua watu wengi, na hali hubadilika kutoka mwezi hadi mwezi. Kabla ya kukata tikiti, uliza polisi wa Maralal na wa Baragoi, na ukifika Loiyangalani jitambulishe kwa chifu. Wakikuambia usubiri, subiri. Beba fedha taslimu, maana mtandao wa simu haupatikani kila mahali, na beba tyubu na viraka vya kutosha kwa ajili ya miba ya migunga.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu katika kisiwa cha Lamu. Nimealikwa na wenzangu tuanze safari ya baiskeli kutoka Maralal. Je, niondoke kwa ndege ya Manda au kwa basi la Mokowe, ng'ambo upande wa bara?
Msomaji, Lamu

JIBU: Mwalimu, nenda kwa basi. Ndege nyingi zinazotua Manda ni ndogo, na mzigo unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 15 kwenye mfuko laini, kwa hiyo baiskeli ya kawaida huumaliza uzito huo peke yake hata ikipata mahali. Ukilazimika kupanda ndege, wasiliana na shirika mapema, upate ruhusa kwa maandishi, upunguze upepo kwenye matairi, na betri za taa ziwe kwenye mkoba wa mkononi.

Wasiwasi wangu ni kivuko chako cha kwenda Mokowe. Muombe nahodha asiilaze baiskeli kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, kwa kuwa maji ya chumvi yanayokusanyika humo huingia kwenye beringi na mnyororo, na kutu itaanza kabla hujafika Garsen. Ishikilie wima, au ilazwe juu ya mbao. Chagua kuvuka maji yakiwa yamejaa. Yakikupwa, boti huwa chini sana ya gati, ngazi zina utelezi, na kuinyanyua baiskeli ni kazi ya watu wawili. Ukishavuka, ioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ikaushe na utie mafuta mnyororo kabla ya kuifunga. Katika miezi ya mvua, ulizia hali ya barabara siku moja kabla, kwani mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara ya Lamu hadi Garsen na kuwaacha abiria njiani.

SWALI: Je, naweza kutuma baiskeli mbele kama kifurushi, kisha mimi nifuate?
Msomaji, Malindi

JIBU: Hadi Nairobi unaweza, kupitia ofisi za vifurushi za mabasi. Kupita hapo sikushauri, kwa sababu mtu wa kuipokea Marsabit au Maralal atalazimika kuilinda kwa siku asizozijua. Ipige picha mbele ya karani, andika namba ya fremu kwenye stakabadhi, na jina na namba yako ya simu ziandikwe kwenye karatasi iliyofungwa ndani ya turubai pia, si nje tu. Kanyagio, vifaa vya kufungulia na kile kipande cha akiba cha gia safiri navyo mwenyewe. Tuma siku mbili kabla yako, ili ikichelewa uwe bado nyumbani.