Mwandishi wa filamu bubu aliandika nini?

Mmeuliza wiki hii: katika filamu bubu, ambamo hakuna anayesikika, mwandishi alikuwa na kazi gani? Nawajibu kwa mfano wa Anita Loos wa California, ambaye kwa maoni yangu hakuna aliyemzidi katika vichekesho vya enzi ile.

Mwaka 1912 kampuni ya Biograph ilimlipa dola 25 kwa hadithi ya The New York Hat, ambayo D. W. Griffith aliiongoza na Mary Pickford akaicheza. Wakati huo kadi za maandishi zilizokatiza picha zilitaja hasa muda, mahali na nani ni nani. Loos akazitia utani. Katika His Picture in the Papers (1916), ya mwigizaji Douglas Fairbanks, watu walicheka kwa kusoma.

Lakini kadi inakula mkanda. Kwa kasi ya fremu (picha moja moja za mkanda) 16 kwa sekunde, futi moja ya mkanda wa milimita 35 ni sekunde moja, na makadirio yalikuwa karibu futi moja kwa neno. Kadi ya maneno 20 humwondoa mwigizaji machoni petu sekunde 20 nzima. Ikitangulia kitendo, mtazamaji ameshajua kinachokuja na hacheki tena. Ikichelewa, ameshajitungia maneno yake. Basi mwigizaji afumbue kinywa, kadi iingie, kisha tuone uso wa aliyeambiwa.

Ufundi mkubwa zaidi, hata hivyo, hauhitaji kadi. Katika Wild and Woolly (1917), ambayo pia aliiandika Loos, Fairbanks ni mtoto wa tajiri wa reli, New York, aliyepagawa na ukauboi hadi ana hema la Wahindi Wekundu wa Marekani chumbani. Anatumwa Bitter Creek, Arizona. Wenyeji wanataka reli ifike kwao, hivyo wanaugeuza mji uonekane wa zamani ili kumfurahisha, na bunduki yake wanaijaza baruti tupu asije akamuumiza mtu. Wahalifu wa kweli wanapozuka, kijana hana risasi hata moja. Kitu kilekile kilichotuchekesha sasa kinatutia hofu, na mwandishi alikipanga mapema, tukiwa bado tunacheka.

Mkiitafuta filamu yoyote ya miaka hiyo, angalieni kasi ya nakala. Iliyopigwa kwa fremu 16 ikioneshwa kwa 24, uso uliopewa sekunde tatu za kushangaa unabaki na mbili, na utani unapita kabla haujaeleweka.