Nashika mashariki, naibukia Kigomasha

SWALI: Kapteni, napeleka mizigo Wete kutoka Tanga kwa boti ya injini. Wete iko mashariki ya Tanga, hivyo nashika 90 kwenye dira. Lakini msimu huu wa kusi kila nikiikaribia Pemba najikuta kaskazini, usawa wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Wenzangu wanasema dira imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?

JIBU: Nahodha, pesa yako iweke kwanza. Dira inakuonyesha omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, inatazama wapi. Maji yanakupeleka wapi, hilo haijui. Kati ya Tanga na Pemba mkondo huelekea kaskazini, na kusi likivuma huzidi nguvu.

Piga hesabu. Safari yako ni kama maili 37 za baharini. Boti ikikata maili 6 kwa saa, utatumia saa 6 na ushei. Mkondo wa maili 2 kwa saa utakuwa umekusogeza maili 12, na Kigomasha iko karibu umbali huohuo kaskazini ya Wete.

Kwa hiyo elekeza omo kusini kidogo tangu unapotoka. Gawanya kasi ya mkondo kwa kasi ya boti, kisha zidisha kwa 60: hapa utapata nyuzi 20, yaani shika 110. Kanuni hii inafaa mkondo ukikukata ubavuni nao haufiki nusu ya mwendo wako. Utachelewa kidogo, maana sehemu ya nguvu ya injini inapambana na maji.

Simu yenye GPS nayo ina mtego wake. Wengi hulenga omo kwenye alama ya Wete muda wote. Boti inachora upinde, na mwishoni unapanda mkondo uso kwa uso huku mafuta yakiisha. Tazama mwelekeo ambao boti inakwenda kweli, uulinganishe na dira. Tofauti yake ndiyo mkondo, pamoja na upepo kidogo. Pima kila nusu saa.

Bado una shaka na dira? Ondoa spika na simu karibu nayo, kisha angalia safari ya kurudi. Dira yenye kosa lilelile ingekutupa kaskazini ukienda, kusini ukirudi. Mkondo hukupeleka kaskazini safari zote mbili.

Kaskazi likiingia usiing'ang'anie 110. Mkondo ukilegea, itakushusha kusini ya Wete.